Mshono wa upasuaji wa uzazi: ganzi, mwasho na maneno tunayoambiana Tanga

Mzazi aliyejifungua kwa upasuaji akirudi nyumbani Ngamiani au Makorora hakosi washauri. Mama mkwe ana lake, shangazi ana lake, na jirani aliyezaa kwa kisu mara tatu ndiye anayesikilizwa kuliko wote. Mengi wanayoyaleta ni mema: uji wa pilipili manga, mtu wa kumpokea mtoto usiku, amri ya kutoinua ndoo. Lakini kuhusu mshono wenyewe, yaani kule kufa ganzi, kuwasha, kuvuta na kuchomachoma, kuna maneno yanayomtia mama hofu bure, na mengine yanaweza kumuumiza kweli.

“Ganzi hiyo ni ile sindano ya mgongo, dawa haijatoka mwilini”

Dhana hii imeenea mno, hata wanaume vibarazani wanaijua. Dawa ya ganzi inayochomwa mgongoni huisha nguvu baada ya saa chache. Ndiyo maana mama huweza kusimama na kutembea siku hiyo hiyo au kesho yake. Ganzi inayobaki juu ya mshono kwa wiki na miezi ina chanzo kingine kabisa.

Ili kumfikia mtoto, daktari hupita kwenye ngozi, mafuta, utando mgumu unaofunika misuli, misuli yenyewe (ambayo kwa kawaida husogezwa kando tu, haikatwi), utando wa ndani wa tumbo, kisha mfuko wa uzazi. Mkato unaotumika sana ni ule unaolala juu kidogo ya kinena, unaojulikana kwa jina la Pfannenstiel, daktari Mjerumani aliyeueleza mwaka 1900. Neva (mishipa ya fahamu) ndogondogo za ngozi hukatika hapo, hata mikononi mwa daktari hodari, kwa sababu ngozi haifunguliki bila kuzikata. Kipande cha ngozi kilichokuwa kikitegemea neva hizo, mara nyingi kile kilicho juu ya mshono, hubaki bila hisia.

Neva hukua upya polepole, kiasi cha milimita 1 kwa siku mambo yakienda vizuri. Zikiwa njiani huleta hisia za ajabu: mshtuko wa ghafla, sindano sindano, joto lisilo na sababu, au nguo laini kuhisiwa kama inakwaruza. Mama akiambiwa mapema kwamba haya yatakuja, hashtuki yakifika. Wengi hurudishiwa hisia ndani ya miezi kadhaa, wengine huchukua mwaka na zaidi, na wapo wanaobaki na sehemu ndogo yenye ganzi maisha yao yote bila kuwa na ugonjwa wowote. Ganzi hiyo ni ya ngozi. Haina maana kwamba mfuko wa uzazi haukupona.

“Mkande maji ya moto sana, mshono ukauke na damu chafu itoke”

Kukandwa ni malezi ya Pwani yenye huruma ndani yake, na sipendi kuona mzazi akiachwa peke yake chumbani kwa jina la usasa. Lakini hapa lazima isemwe waziwazi: tumbo lenye mshono lisikandwe kwa maji ya moto.

Ngozi yenye ganzi haiwezi kusema “basi”. Mkandaji mzoefu, ambaye mikono yake imeshazoea moto, hukamua taulo na kuliweka. Mama anahisi joto la mbali tu, na malengelenge yanaonekana baadaye. Hapo kidonda kimoja kimekuwa viwili. Juu ya hayo, kulowesha na kukandamiza mshono ambao haujafunga kunaweza kuufumua au kuuingizia vijidudu. Damu ya uzazi haihitaji kusukumwa: mfuko wa uzazi hujikaza wenyewe, na kunyonyesha kunausaidia. Bibi anayetaka kumkanda mjukuu wake ana mgongo na mabega, kwa maji ya vuguvugu. Tahadhari hiyo hiyo ni kwa chupa ya maji moto: isilazwe juu ya sehemu isiyo na hisia.

Mkaja ni habari nyingine. Kanga iliyofungwa kwa kiasi hushikilia tumbo, na mama hukohoa, hucheka na hupanda bajaji bila maumivu makali. Isikaze hadi pumzi iwe fupi, na ikilowa jasho ibadilishwe.

“Kikiwasha ndiyo kinapona”

Ni kweli kwa sehemu. Wakati wa kupona, chembe za mwili hutoa histamini, na histamini huwasha. Neva zinazoota nazo huwasha. Kovu jipya likikauka sana huwasha pia. Kwa joto na unyevu wa Tanga, hasa Januari na Februari kabla ya masika, jasho hujikusanya pale tumbo linapolalia mshono, na mwasho huzidi.

Osha kwa maji safi na sabuni isiyo kali, kausha kwa kubonyeza kidogo bila kusugua, vaa dera pana na chupi ya pamba ambayo kiuno chake hakipiti juu ya mshono. Mwasho ukipanda, weka kitambaa safi kilicholoweshwa kwa maji baridi, au pigapiga taratibu kwa kiganja. Kucha ziache. Majivu, dawa ya meno na unga wa vidonge visiwekwe kwenye kidonda hata kama jirani anaapa vilimponya.

Mwasho unaoambatana na kovu linaloinuka, likawa gumu na kuvuka mpaka wa mkato, unaweza kuwa keloidi. Watu wenye asili ya Afrika huipata zaidi. Haitokani na chakula alichokula mama wala na jicho la mtu. Kuna vibandiko na jeli za silikoni, na kuna sindano za dawa aina ya steroidi zinazochomwa ndani ya kovu; kuikata peke yake mara nyingi huirudisha.

“Usiuguse mshono, utafumuka”

Wiki za mwanzo, ndiyo, uache. Lakini wapo kina mama ambao mwaka unapita hawajawahi kuutazama, na wakioga huupitia haraka kwa woga. Kidonda kikishafunga kabisa, kwa kawaida baada ya wiki 6 na muuguzi akiridhika, kukigusa ni sehemu ya tiba. Nawa mikono, paka mafuta ya nazi kidogo, anza mbali na kovu, kisha sogeza ngozi juu na chini, kushoto na kulia, kwa vidole viwili. Dakika 5 kwa siku zinatosha. Kuvuta kidogo ni sawa. Maumivu makali ni ishara ya kuacha.

Kama shida ni ngozi inayochukia kuguswa, anza na pamba, siku nyingine kanga kuukuu iliyolainika, baadaye taulo. Ubongo hujifunza upya kwamba mguso huo si hatari. Kovu halitafutika kwa hayo, ila huwa laini na hupungua ukali.

Kuhusu nyuzi “zilizosahaulika ndani”: nyingi ni za aina inayoyeyuka zenyewe ndani ya wiki au miezi. Kipande kikichomoza kwenye ngozi usikivute, mwonyeshe muuguzi.

“Vumilia, ndiyo uzazi”

Neno hili limenyamazisha wengi. Parasetamoli na ibuprofeni hazimkatazi mama kunyonyesha. Mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo aulize kwanza kabla ya ibuprofeni. Maumivu yanayozidi miezi 3, au yanayochoma kutoka pembe ya mshono kuelekea kinenani, huenda neva imenaswa kwenye kovu, na yana tiba. Uvimbe kwenye kovu unaouma kila hedhi inapokaribia nao uchunguzwe, kwani tishu za utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huweza kuota hapo.

Usisubiri asubuhi ukiona homa ya nyuzi 38 au zaidi, usaha, harufu mbaya, wekundu au weusi unaosambaa na joto, mshono kuachia, damu nyingi ukeni, au mguu mmoja kuvimba na kuuma.

Na kwenye hudhurio la wiki ya 6, mtoto akishapimwa uzito, usiondoke. Omba mshono utazamwe, onyesha kwa kidole ganzi inapoanzia na inapoishia, na sema panapouma.