Kumiliki Shamba si Dhambi: Ufafanuzi kwa Waamini Kuhusu Hati za Kimila

Tangu kazi ya kupima mashamba ianze katika vijiji vya jimbo letu, ofisi hii ya Haki na Amani imepokea maswali mengi, mengine kwa ukali. Linalojirudia ni hili: inakuwaje mapadre wahimize watu kuchukua hati za kimila, yaani hati za kumiliki mashamba yao ya kijijini, wakati Kanisa linahubiri ufukara?

Nadhiri ya ufukara ni ya watawa. Baba wa watoto watano hajaiweka. Papa Leo wa XIII aliandika waraka wa Rerum Novarum mwaka 1891, wakati wafanyakazi wa viwandani huko Ulaya wakiishi kwa ujira wa kijungujiku. Hakushauri wenye mali wanyang'anywe. Alitaka sheria ziwawezeshe watu wengi kadiri iwezekanavyo kuwa wamiliki. Mtakatifu Thoma wa Akwino, mwalimu mkuu wa teolojia, alikwisha kufundisha katika karne ya 13 kwamba mtu hutunza kilicho chake kuliko cha wote. Atakayepanda miembe ni yule mwenye hakika kwamba wanawe watakula maembe.

Wapo wanaoishia hapo, nao ndio wanaotuchosha zaidi: "Mali yangu, nifanye nitakavyo." Papa Yohane Paulo wa II alikumbusha mwaka 1981, katika waraka wa Laborem Exercens, kuwa haki ya kumiliki iko chini ya haki ya wote kutumia vitu alivyoumba Mungu. Anayenunua mashamba ya majirani kwa bei ya kutupa mwaka wa njaa huenda hajavunja sheria ya nchi, lakini asiuite huo uhuru wa kiuchumi unaotetewa na Kanisa.

Uhuru huo una sura nyingine. Mwaka 1931 Papa Pio wa XI alieleza kanuni ya auni: mamlaka ya juu isipore kazi ambayo watu wa chini wanaiweza wenyewe. Kwa mfano wa kinyume, mwaka 1976 serikali yetu ya Tanzania ilivunja vyama vikuu vya ushirika na kuziachia mamlaka za mazao za serikali kazi yao. Sheria ya 1982 ikavirudisha. Hatuhukumu nia ya walioamua. Wazee waliolima kahawa miaka ile watawasimulia yaliyobaki.

Sasa utaratibu. Ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na hakimiliki ya kimila inaweza kutolewa bila ukomo wa muda na kurithishwa. Ombi hupelekwa Halmashauri ya Kijiji, inayotakiwa kuamua ndani ya siku 90. Kumpigia Mtendaji simu usiku hakuzipunguzi. Hati husainiwa na Mwenyekiti na Mtendaji wa Kijiji, mwombaji hutia saini au dole gumba, kisha Afisa Ardhi wa Wilaya huisaini, huigonga muhuri na kuisajili. Bila muhuri huo hamjamaliza, hata kama mmeshaiwekea plastiki.

Fomu nyingi zinazoletwa kwetu kwa ushauri zina jina la mume peke yake, na mama aliyelima shamba hilo amekaa kwenye benchi akisubiri. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kupata na kumiliki ardhi. Andikeni majina yote mawili, kabla mashemeji hawajaanza kuhesabu mashamba kwenye matanga. Tena, Sheria ya Ndoa ya 1971 inamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na aliyefunga ndoa kanisani hajasamehewa sharti hilo.

Mgogoro wa mpaka upelekwe kwanza Baraza la Ardhi la Kijiji kwa usuluhishi. Lina wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Paroko si mpima ardhi, na tunaomba asiitwe shambani kuamua jiwe la mpaka likae wapi.