Majitaka ya Unguja: karo lina kazi moja tu

"Karo likijengwa vizuri, maji yanayotoka ni safi." Hapana. Karo, yaani tangi la majitaka lililofukiwa ardhini, huyatuamisha tu. Katika karo la vyumba viwili, cha kwanza kikichukua theluthi mbili za ujazo na maji yakikaa saa 24 hadi 48, yabisi huzama, mafuta huelea, na uchafu unaokula oksijeni hupungua kwa theluthi hadi nusu. Vijidudu vingi vya maradhi hutoka na maji, na nitrojeni nyingi hutoka nayo, hasa ikiwa amonia. Tope likifika theluthi ya kina, hata utuaji huo huharibika. Anayejisifu kuwa karo lake halijanyonywa miaka kumi, huenda lina ufa chini.

Wengine hutegemea ardhi ichuje. Mchanga huchuja kweli. Lakini Paje, Jambiani na Nungwi nyumba nyingi zimekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye udongo haba. Mwamba huo umejaa nyufa, maji ya shimo la kunyonyea, yale yanayotoka karoni yazame ardhini, yanapenya bila kuchujwa. Chokaa yake hushika sehemu ya fosforasi, ila nitrati (amonia iliyopata oksijeni) haishikiki: itaibukia kisimani au ufukweni. Pasipo na udongo, afadhali tuta la mchanga lenye kina cha sentimita 60 hadi 90, maji yamwagwe juu yake.

"Bahari ni kubwa, itayamaliza." Ni kubwa nje ya mwamba wa baharini. Kati ya mwamba huo na ufuko, siku za maji mafu, bahari inapopanda na kushuka kidogo, maji hubadilishwa kidogo kuliko wakati wa bamvua. Matumbawe yamezoea maji yenye virutubisho vichache. Nitrojeni ikizidi, mimea ya baharini inayokua upesi huyafunika, na machipukizi ya tumbawe hukosa jiwe tupu la kujishikiza. Wala maji maangavu si ushahidi: nitrati haina rangi wala harufu.

Klorini karoni? Inaua bakteria wanaomeng'enya tope, na ikikutana na amonia huzaa kloramini, sumu kwa samaki. Mikoko nayo husaidia, ila tope likifukia mizizi yake ya kupumulia, miti hufa; ipelekewe maji yaliyokwisha kusafishwa.

Kinachopunguza nitrojeni ni kitanda cha matete, yaani kokoto zilizopandwa matete, baada ya karo, na hapo pana kosa la kawaida: kujenga cha kulala peke yake. Kitanda cha kulala, ambamo maji hupita kwa ulalo, chenye kokoto za milimita 10 hadi 20 kwa kina cha sentimita 60, hakina hewa ya kutosha. Gramu 1 ya nitrojeni ya amonia huhitaji gramu 4.6 hivi za oksijeni ili iwe nitrati. Kwa hiyo kitangulie kitanda cha wima, ambamo maji hushuka toka juu, kinachomwagiwa kwa mafungu ili kipumue kati ya fungu na fungu. Cha kulala kifuate, kigeuze nitrati kuwa gesi. Humo maji yakae sentimita 5 hadi 10 chini ya kokoto, mbu wasipate pa kuzalia.

Chumbe, kisiwa cha hifadhi karibu na Unguja, wamelikwepa tatizo mwanzoni kabisa: vyoo vya mboji visivyotumia maji, na maji ya kuogea hupitishwa kwenye vitanda vya mimea. Ni hesabu nzuri, maana nitrojeni nyingi ya majitaka ya nyumbani hutoka kwenye mkojo.

Maji yakituama juu ya kokoto, usikimbilie kung'oa matete. Fungua karo, tumbukiza mti uliozungushiwa kitambaa cheupe hadi chini, uutoe polepole, upime doa jeusi: ndicho kina cha tope, nalo likizidi hutoka karoni na kuziba kokoto.