Si kweli kwamba watazamaji hawataki wanawake wazee kwenye filamu

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu miaka nenda miaka rudi: eti wanawake waliovuka miaka 50 ni wachache kwenye filamu kwa sababu watazamaji hawawataki. Si sahihi. Filamu ambazo nyota wake ni wanawake wa umri huo zimewahi kujaza kumbi za sinema. Tena, kwa wastani wanawake huishi muda mrefu kuliko wanaume, hivyo miongoni mwa wazee wao ndio wengi. Kwenye skrini hesabu inageuka: mwanamume wa miaka 60 bado ni mpelelezi, bosi, hata mchumba, mwanamke wa rika lake ni bibi mgonjwa, mchawi au mama mkwe mkorofi.

Jaribu mwenyewe. Chukua filamu uliyoitazama karibuni, hesabu wanawake wazee wanaozungumza. Wana majina, au ni “bibi” tu? Wana kazi? Kisha linganisha umri wa nyota wa kiume na wa anayeigiza mkewe (hapo wengi hushangaa).

Mkanganyiko unatokana na kuchukua matokeo kama sababu: nafasi hizo haziandikwi, mtazamaji anakosa cha kuchagua, halafu inasemwa hakutaka. Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze. Mwulize aliyeutuma kautoa wapi.