Kuzima seva yenye watu ndani yake

Kuranti inapokatika hapa Goma, seva ninayoitunza hubaki kwenye betri zinazoihimili kwa takriban dakika 25, na dakika hizo nazihesabu kuwa ni za watu waliomo ndani ya mashine, ambao wengine wako Bukavu na hawajui kwamba huku kumeingia giza.

Ndiyo maana amri yangu ya kwanza, kwenye mifumo endeshi ya jamii ya Unix kama Linux, ni w, inayonionyesha nani ameingia, kutoka wapi na anaendesha programu gani. Safari iliyopita niliona mhasibu mmoja ameacha vi, kihariri cha maandishi, wazi, dakika 19 bila kugusa kibodi. Nilimpigia simu: "Mama, tafadhali uhifadhi kazi yako, seva inazimwa." Aliomba dakika mbili, akarudi mezani, na punde jina lake likatoweka kwenye orodha.

Hapo huandika shutdown -h +10, yaani zima baada ya dakika 10, pamoja na ujumbe unaoeleza sababu, nao hutokea kwenye terminali (dirisha la amri) ya kila aliyeingia. Kwenye Linux zenye systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo, zikibaki dakika 5 hutengenezwa faili /run/nologin, ambayo huwazuia watumiaji wa kawaida wasiingie upya. Kuranti ikirudi mapema, shutdown -c hufuta yote.

Muda ukitimia, programu hupelekewa ishara ya SIGTERM ili zifunge kazi zake zenyewe, na zinazokaidi hukatwa kwa SIGKILL, ishara isiyoweza kupuuzwa. Hifadhidata ya PostgreSQL siiachi isubiri zamu hiyo. Huisimamisha mapema kwa pg_ctl stop -m fast. Mwisho mifumo ya faili huteguliwa (unmount), na hatua hii ndiyo anayevuta waya huikosa: programu ikisema imehifadhi, mara nyingi data bado imo kwenye kumbukumbu ya keneli, kiini cha mfumo endeshi, haijafika kwenye diski. Jarida la ext4, mfumo wa faili wa Linux, hulinda mpangilio wa mfumo wa faili, lakini kwa kawaida halikuahidi kwamba maandishi yako ya mwisho yatakuwemo.

Kuwasha upya ni -r badala ya -h. Kwenye Solaris, aina nyingine ya Unix, nakusihi usitumie reboot, kwa kuwa huruka hati za kusimamisha huduma. Tumia init 6. Na popote ulipo, andika hostname kwanza ili uone jina la mashine uliyomo, hasa ukiwa na madirisha mawili ya ssh (ya kuingia seva za mbali) yanayofanana, kwani seva ya Bukavu ukiizima usiku kwa -h, hakuna wa kuibonyeza iwake hadi ofisi ifunguliwe.