Gottfried Böhm na Paa la Zege la Neviges

Kanisa la hija la Neviges, Ujerumani, lilivuja kwa miongo mingi. Aliyelichora, Gottfried Böhm, ndiye Mjerumani wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, mwaka 1986, na katika usanifu majengo hakuna tuzo yenye heshima zaidi ya hiyo. Mimi ni mhandisi, riziki yangu ni kukarabati majengo ya zege, na kwa macho ya kazi hiyo naona sifa na uvujaji vimetoka kwenye uamuzi mmoja. Böhm alitaka ukuta na paa viwe kitu kimoja: zege tupu kuanzia ardhini hadi kileleni, bila bati, bila vigae, bila lami. Nataka kueleza uamuzi huo ulitoka wapi, ulizaa nini, na ulipoleta maradhi ulitibiwa vipi.

Böhm alizaliwa tarehe 23 Januari 1920 mjini Offenbach am Main, katika ukoo wa wajenzi. Babu yake, Alois, alikuwa mjenzi. Baba yake, Dominikus, alikuwa miongoni mwa wasanifu walioyatoa makanisa ya Kikatoliki ya Ujerumani kwenye mazoea ya kunakili mitindo ya zamani. Kazi ya Dominikus ninayoipenda kuliko zote ni kanisa la Mtakatifu Engelbert, mtaa wa Riehl mjini Köln, lililojengwa kati ya 1930 na 1932. Ni la mviringo, limezungukwa na matao ya zege yaliyochongoka kwa umbo la parabola, na watu wa mjini walilibatiza jina la kikamulio cha ndimu. Ukiingia ndani, matao yanapanda kutoka sakafuni moja kwa moja hadi juu, na huwezi kunyoosha kidole useme hapa ukuta umeishia, hapa paa linaanza. Gottfried alikuwa mtoto wa miaka kumi na kitu baba yake alipokuwa akijenga hivyo.

Aliingizwa jeshini mwaka 1938, na vita vikamrudisha na majeraha mwaka 1942. Kisha akasoma München, na hapa kuna jambo la kuzingatia: alisoma usanifu majengo katika chuo kikuu cha ufundi, na papo hapo akasoma uchongaji sanamu katika chuo cha sanaa. Mchongaji hufikiri kwa donge, akikata hapa na kuongeza pale, na nuru ndiyo inayomwonyesha kama amepatia. Hesabu za nguzo na boriti huja baadaye. Ukilijua hilo, makanisa yake hayakushangazi tena. Mwaka 1948 alimwoa Elisabeth Haggenmüller, naye msanifu majengo aliyesoma München. Wakapata wana wanne, na watatu kati yao, Stephan, Peter na Paul, wakawa wasanifu. Elisabeth alichangia katika kazi za ofisi ile maisha yake yote, na hatajwi kadiri anavyostahili.

Kazi yake ya kwanza ya kujitegemea ni kikanisa kidogo. Katikati ya Köln palikuwa na kanisa la kale la Mtakatifu Kolumba, ambalo mabomu yaliligeuza kuwa kifusi. Sanamu ya Bikira Maria iliyokuwa kwenye nguzo ilibaki imesimama, na watu wa mji uliovunjikavunjika wakaiona kuwa ishara. Böhm akaijengea kikanisa cha pembe nane, chenye kuta za vioo, katikati ya magofu yale yale, kati ya 1947 na 1950. Kinaitwa Madonna in den Trümmern, yaani Mama Maria katika vifusi. Tangu 2007 kimo ndani ya jumba la makumbusho la Kolumba lililochorwa na Mswisi Peter Zumthor. Jumba lenyewe ni kazi nzuri sana. Hata hivyo naona kikanisa kimeonewa. Vioo vilivyochorwa vipokee nuru ya mchana kutoka pande zote sasa vimefunikwa na kuta za jengo jingine, na kwa msanifu aliyetegemea nuru kiasi kile, hiyo ni hasara halisi.

Miaka hiyo ya mwanzo alikuwa akijaribu dari jembamba la zege lililobebwa na wavu wa chuma ulioning'inizwa, zege likafuata mkunjo ambao wavu unaupata wenyewe kwa uzito. Mwaka 1950 alifanya kazi ya kuijenga upya Köln chini ya Rudolf Schwarz, msanifu mwingine mkubwa wa makanisa. Mwaka 1951 akaenda New York, akafanya kazi huko kwa muda na kukutana na Walter Gropius na Ludwig Mies van der Rohe, wasanifu mashuhuri wa Kijerumani waliokuwa wamehamia Marekani. Mwaka uliofuata aliingia ofisini kwa baba yake, na Dominikus alipofariki mwaka 1955 ofisi ikawa yake.

Sasa Neviges. Ni mji mdogo, siku hizi ni sehemu ya Velbert, kati ya Essen na Wuppertal. Tangu karne ya 17 mahujaji wamekuwa wakienda pale kusali mbele ya picha ndogo ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, iliyokuja chini ya uangalizi wa watawa Wafransisko. Baada ya vita mahujaji walikuwa wengi kupita uwezo wa kanisa la zamani, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 likaitishwa shindano la wasanifu. Ulikuwa wakati wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, na askofu mkuu wa Köln, Kardinali Josef Frings, alikuwa sauti nzito katika Mtaguso huo. Frings alikuwa karibu kipofu. Inasimuliwa kwamba alizipapasa modeli za washindani kwa mikono, na vidole vyake vikasimama kwenye ya Böhm, yenye vilele mithili ya milima. Naamini mkono ulikuwa kipimo sahihi, kwa sababu jengo lile lilichongwa kwanza ndipo likachorwa.

Böhm aliielewa hija kuwa mwendo. Kanisa akaliweka mwisho wa njia inayopanda, na njia yenyewe akaifanya sehemu ya jengo: ngazi pana za kina kidogo ambazo mzee anazimudu, upande mmoja nyumba ya mahujaji yenye vibaraza vya mviringo vinavyojirudia mmoja baada ya mwingine. Unapanda, na mbele yako vilele vya zege vinazidi kukua. Mlango uko chini, hauna makuu. Ukiuvuka unakutana na kitu ambacho sijakiona kwingine: sakafu ya ndani ni ya matofali yale yale uliyokuwa ukiyakanyaga nje, na taa zilizosimama ndani ni za aina ya taa za barabarani. Pembezoni roshani zimepandana ghorofa kwa ghorofa zikitazama katikati, na zinaonekana kabisa ni nyumba za mji zilizozunguka uwanja wa soko. Njia ya mahujaji haikukatika mlangoni, imeingia nao hadi altareni. Viti ni vya watu mia kadhaa tu. Siku ya hija kubwa maelfu husimama.

Ndani ni giza, na giza hilo limekusudiwa. Macho yakishazoea, unaona madirisha yenye mawaridi mekundu ambayo Böhm aliyachora mwenyewe. Kwenye zege kuna alama za mbao zilizotumika kuifunga siku ya kumwaga: mshipa wa mti, fundo, mstari ambapo ubao mmoja ulikutana na mwenzake. Nilipitisha kiganja ukutani nikaufuata ubao mmoja hadi pale ukuta ulipoinama ukawa paa. Mbao hazikubadilisha mwelekeo kwa heshima ya paa. Fundi aliyefunga mbao zile hakuambiwa kwamba hapa anaanza kazi nyingine.

Je, paa lile linasimamaje? Chukua karatasi, ishike ukingo mmoja: inalegea na kuinama. Ikunje mikunjo ya kwenda na kurudi, uishike tena: imenyooka, hata kalamu inaibeba. Unene haukuongezeka. Kilichoongezeka ni kimo, maana kila mkunjo sasa ni boriti iliyoinama. Paa la Neviges ni la namna hiyo: mabamba bapa ya zege yaliyoegemeana kwenye kingo, yasiyolingana kwa ukubwa wala kwa mwinuko, yakipanda zaidi ya mita 30 bila nguzo katikati ya ukumbi. Kanisa lilitabarukiwa mwezi Mei 1968. Hesabu za mabamba yasiyolingana kiasi hicho, kwa zana za wakati ule, zilikuwa mzigo, na wahandisi waliozifanya wanastahili sifa ambayo kwa kawaida humwendea msanifu peke yake.

Tuje kwenye maradhi. Zege hunywea inapokauka. Kisha kila mwaka hutanuka kiangazi na kujikaza wakati wa baridi. Bamba lililo huru lingecheza bila shida, lakini hapa kila bamba limeshikwa na majirani zake, kwa hiyo nguvu ikikosa pa kutokea, zege inapasuka. Nyufa hizo ni nyembamba na hazitishii kuangusha jengo. Kwenye ukuta wa kawaida tungeziacha. Kwenye paa lisilo na kifuniko, tena lenye mabonde yanayokusanya maji, kila ufa ni mlango. Maji yakipita yanafika kwenye nondo. Zege mpya huilinda nondo isipate kutu kwa sababu ina ukali wa chokaa. Hewa ya kaboni dayoksaidi inaumaliza ukali huo polepole kutoka nje kwenda ndani, na penye ufa inaingia haraka zaidi. Nondo ikishapata kutu inavimba, na ikivimba inaibandua zege iliyo juu yake, nayo maji yanapata njia pana zaidi. Aliyekagua majengo ya ufukweni Tanga au Mombasa anaijua picha hiyo, ingawa huko chumvi ndiyo huanzisha.

Walijaribu kupaka paa utomvu wa kisasa wa kuzuia maji. Haukudumu, kwa sababu mpako mgumu uliolala juu ya ufa unaocheza nao hupasuka. Njia rahisi ingekuwa kulivika paa lote madini ya risasi au bati. Lisingevuja tena, na Neviges ingekuwa imekwisha. Milima ingebaki na kofia, mstari kati ya ukuta na paa, ule ambao Böhm hakuuchora, ungechorwa na mkarabati. Nawashukuru waliokataa.

Kilichofanyika badala yake, chini ya usimamizi wa mwanawe Peter Böhm pamoja na watafiti wa chuo kikuu cha RWTH cha Aachen, ni kuongeza ngozi nyembamba ya zege juu ya zege. Inapulizwa kwa tabaka, na kati ya tabaka unalazwa wavu uliofumwa kwa nyuzi za kaboni. Faida ni mbili. Kaboni haishiki kutu, kwa hiyo haihitaji kuzikwa ndani ya zege nene ili ilindwe. Sentimita chache zinatosha, na uzito unaoongezeka juu ya paa ni mdogo. La pili ndilo lenye akili zaidi. Nyuzi zimesambaa kwa karibu mno kiasi kwamba, ufa mmoja wa chini unapofunguka, ngozi ya juu inaugawa kuwa vijiufa vingi vidogo sana, na maji hayapenyi. Ufa haukuzuiwa, umegawanywa tu. Ukitazama kutoka uwanjani unaona zege ile ile, vilele vile vile. Böhm alikuwa hai kazi hiyo ikifanyika, akiwa amevuka miaka 95. Alifariki tarehe 9 Juni 2021, akiwa na miaka 101.

Kazi zake nyingine ni nyingi na sitazipitia zote. Ukumbi wa mji wa Bensberg, karibu na Köln, uliomalizika karibu na 1970, umekaa ndani ya magofu ya ngome ya kale, mnara wake wa zege ukisimama pamoja na minara ya mawe; wenyeji waliupachika jina la mwamba wa nyani, na mimi nauona kuwa somo bora la namna ya kuweka jengo jipya penye jengo la zamani. Baadaye aligeukia pia chuma na kioo, kama katika ukumbi wa kioo ulio kati ya majengo mawili ya ofisi ya kampuni ya ujenzi ya Züblin mjini Stuttgart. Ni kazi safi, ila hazinishiki vile.

Mtu akiniuliza aanzie wapi, namwambia aanzie Köln. Asubuhi aende Riehl kwa Mtakatifu Engelbert, aone baba alivyoanza. Kisha kanisa la Mtakatifu Gertrud, la katikati ya miaka ya 1960, lililobanwa kati ya nyumba za mtaa wa kawaida, ambako mikunjo ya zege ya Gottfried inaonekana kwa karibu kabla ya ile mikubwa ya Neviges. Apite Ehrenfeld, mtaa mwingine wa Köln, auone msikiti mkuu uliochorwa na mwanawe Paul baada ya shindano la 2006: kuba lake limekatwa kuwa maganda ya zege, na nuru inapita katikati ya maganda. Neviges aiwekee siku yake. Treni ya S9 inasimama mjini. Ashuke, aifuate njia ya mahujaji kwa miguu kuanzia chini, na asikubali kupelekwa kwa gari hadi mlangoni.