Je, wajua kwa nini kinanda cha Notre-Dame kilirekebishwa sauti ilhali hakikuungua?

Moto ulioteketeza paa la Kanisa Kuu la Notre-Dame jijini Paris, tarehe 15 Aprili 2019, haukukifikia kinanda kikubwa chenye mabomba yapatayo 8,000. Wapo wanaodhani kiliungua. Wengine, waliosikia kwamba kilinusurika, hudhani kilihitaji kupanguswa tu. Dhana hii ya pili ina nusu ya ukweli, kwani adui mkuu alikuwa vumbi la madini ya risasi kutoka paani, na kwa ajili yake kinanda kilifunguliwa mwaka 2020, mabomba yakasafishwa karakanani na hatimaye kurudishwa mahali pake. Hata hivyo, baada ya hapo mafundi walitumia miezi kadhaa ya mwaka 2024, hasa usiku kanisa lilipokuwa kimya, wakisikiliza na kurekebisha bomba moja baada ya jingine.

Urefu wa bomba huamua kwa kiasi kikubwa kama sauti itakuwa nene au nyembamba, lakini hauamui itakuwa na tabia gani. Ukipuliza kwenye mdomo wa chupa tupu, kisha ukasogeza midomo yako kidogo au ukaongeza pumzi, mlio hukwaruza, hung'aa au hukatika, ingawa chupa ni ile ile. Katika mabomba mengi ya kinanda, kazi ya midomo hufanywa na ufa mwembamba unaotoa utando wa hewa, nao utando huo hugonga ukingo ulio juu yake, ukiyumba ndani na nje hata mamia ya mara kwa sekunde. Tundu la chini likipanuliwa, ukingo ukisogezwa kidogo tu au msukumo wa hewa ukibadilika, bomba hupata sauti nyingine. Mabomba yenye ulimi wa shaba hufuata utaratibu tofauti, lakini nayo ni mepesi kuhamaki. Ndiyo maana bomba lililotolewa, kusafishwa na kurudishwa lazima lisikilizwe na kurekebishwa upya.

Swali gumu zaidi ni kinanda kirejeshwe kwenye sauti ipi. Kabati lake ni la mwaka 1733, kazi ya fundi François Thierry. Fundi Aristide Cavaillé-Coll alikijenga upya na kukizindua mwaka 1868 kikiwa na safu 86 za sauti, yaani makundi ya mabomba yenye sauti ya aina moja. Na mabadiliko ya baadaye, yakiwemo yale ya enzi ya mpigaji kinanda wa kanisa hilo Pierre Cochereau, yameifikisha idadi hiyo kwenye 115. Sauti ya mwaka 1868 haikurekodiwa, kwa hiyo hukisiwa kutokana na mabomba yaliyobaki na kutokana na kinanda cha kanisa la Saint-Sulpice, pia jijini Paris, kazi ya Cavaillé-Coll huyo huyo, ambacho hakijaguswa sana tangu 1862. Mafundi hawakukifuata kisio hicho: walilenga sauti iliyokuwapo kabla ya moto, pamoja na mabadiliko hayo ya baadaye.