Kusomwa bure si kukosa uhakiki

Bado nasikia watu wakisema makala ya kisayansi inayosomwa bure mtandaoni haijahakikiwa na mtu. Si kweli. Kilichoondolewa ni malipo ya msomaji tu. Uhakiki wa wataalamu uko palepale. Tazama Atmospheric Chemistry and Physics, jarida la sayansi ya angahewa lililoanza mwaka 2001: wahakiki huisoma makala, kisha maoni yao huwekwa hadharani, yeyote ayasome. Majarida mangapi ya kulipia huthubutu hivyo? Matapeli wapo, ndiyo, wanaochapisha chochote mradi mwandishi alipe. Basi kagua jarida lenyewe: wahariri wake ni nani, na je, limo katika DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure yaliyokaguliwa, iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, mwaka 2003?